Gitaa la Shilingi 700

Kuna methali isemayo kwamba kipya kinyemi ingawa ni kidonda. Ndugu msomaji, hebu tazama hapa shuleni petu uone ukweli wake. Mwenzetu akirudi kutoka likizoni na viatu vipya, hata vikimbana hadi achechemee, atavivaa na kuvisifu juma zima. Lakini kilichovunjika hakina rafiki. Kiti kikikatika mguu hutupwa nyuma ya jikoni. Redio ikianza kukoroma hupewa watoto waifungue na kuichezea. Tunasema, "Hiyo imekwisha," na maneno yanaishia hapo.

Mimi nina neno moja juu ya jambo hilo, nalo nimelipata kutokana na gitaa kuukuu nililolinunua kwa shilingi 700. Neno lenyewe ni hili: kabla hujasema kitu kimekwisha, na kabla hujashika gundi, uliza kwanza ni nini kilichokivunja. Naomba univumilie nianze mbali kidogo, kwa sababu habari hii ina babu ndani yake.

Kwetu ni Khwisero, katika Kaunti ya Kakamega. Pande zetu zina sifa ya gitaa tangu enzi za wazee wetu. Huko ndiko kulikostawi mtindo uitwao omutibo. Mpigaji wa omutibo hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba hupiga zile nyuzi nene bila kupumzika, na kidole cha shahada huziimbisha zile nyembamba. Mwenzake huketi kando akigonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma, na hapo muziki umetimia. Hakuna stima, hakuna spika. Mtu aliyeupa mtindo huo jina kubwa ni George Mukabi, mzaliwa wa pande zizo hizo za Kisa, aliyefariki mwaka wa 1963. Wakati huo watu walikuwa pia wakisikiliza santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 na nyimbo zake zikaenea Afrika Mashariki. Naye Bosco alipiga kwa vidole viwili vivyo hivyo.

Babu yangu, yaani baba mzazi wa mama, alikuwa miongoni mwa vijana waliojifunza gitaa katika miaka ya sitini. Hakuwa mashuhuri. Alipiga harusini, matangani na chini ya miti jioni, basi. Hakurekodi wimbo hata mmoja, wala hakuandika chochote. Alichokijua kilikaa vidoleni. Kisha mwaka wa 1994 mama akaitwa kidato cha kwanza na karo haikupatikana. Babu alichukua gitaa lake asubuhi, akalipeleka sokoni, akarudi jioni mikono mitupu na pesa mfukoni. Tangu siku hiyo hakushika gitaa tena.

Kisa hiki nilisimuliwa na mama mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Mama alisoma hadi kidato cha nne, akasomea ushonaji, na cherehani yake ndiyo inayonilipia karo mimi hapa. Kwa hivyo ukizifuata pesa nyuma hadi zilikotoka, utaona kwamba mimi nasoma kwa gitaa la babu.

Sasa babu yuaelekea miaka 80, na vidole vyake vimeanza kukakamaa kwa maradhi ya viungo. Katika ukoo wetu wote, kuanzia wajomba hadi wajukuu, hakuna hata mmoja aliyejifunza nyimbo zile kutoka kwake. Kila nilipoenda nyumbani likizoni na kumwona akijipapasa vidole asubuhi ili vipate joto, nilikuwa nikihesabu. Ndiyo maana likizo ya Aprili ilipofika, nikamuuza jogoo wangu kwa shilingi 1,000, nikapanda matatu hadi Kisumu, na Jumapili asubuhi nikajitoma katika soko la Kibuye.

Anayeijua Kibuye siku ya Jumapili hahitaji kuelezwa. Mitumba, vyuma, vitanda, kuku, kelele! Nilizunguka hadi miguu ikaniuma, ndipo nikaliona gitaa limetupwa juu ya rundo la mabegi makuukuu, lina vumbi na nyuzi nne za chuma zilizoshika kutu.

"Hii gitaa ni pesa ngapi?" nikauliza.

"Elfu moja na mia tano, kijana wangu. Mali safi kutoka ng'ambo."

"Mali safi na imefunguka hivi mgongoni?"

Akanitazama. "Kwani wewe unataka ya kupiga ama ya kuweka kwa nyumba?"

"Ya kupiga."

"Ah, basi hii si ya kupiga," akasema akicheka. "Lakini leta elfu."

Tulivutana hadi jua likawa la utosi. Nililipa 700, nikalikumbatia ndani ya matatu mithili ya mtoto mgonjwa.

Nyumbani mama aliacha kushona akaja mlangoni. "Sasa hii ni nini umeniletea? Kuni?"

"Ni gitaa, mama."

"Naona ni gitaa. Nauliza, pesa ya jogoo ndiyo hii?"

Nikanyamaza. Mama alilizunguka, akaligusa kwa kidole kimoja, akaingia ndani bila neno. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda kutafuta kitambaa! Alirudi akalipangusa vumbi mwenyewe, polepole, kuanzia kichwani hadi kitakoni, kisha akaniambia, "Mpelekee."

Babu alikuwa ameketi chini ya mparachichi. Nikamsalimu kwa adabu, nikasema, "Kuka, nimekuletea kitu." Kwetu babu tunamwita Kuka. Nililiweka mbele yake. Hakunyoosha mkono. Alilitazama kitambo, macho yakaenda kwenye kichwa cha gitaa, yakashuka hadi tumboni, yakatua pale nyuzi zinapofungiwa.

"Nani alilitia waya?" akauliza.

"Sijui, Kuka. Nimeinunua hivyo."

"Waya ndiyo iliua hii gitaa. Hii ilitengenezewa nyuzi za plastiki. Ondoa hizo waya leo. Usiliache lilale hivyo."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Gitaa za mbao ni za aina mbili kubwa. Zipo za nyuzi za chuma na zipo za nyuzi za nailoni. Ya nailoni utaitambua kwa shingo yake pana, kichwa chenye nafasi mbili ndefu zilizotobolewa katikati, na daraja ambalo uzi hupitishwa katika kitundu ukafungwa fundo. Daraja ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni, ambapo nyuzi huanzia. Gitaa langu lilikuwa na dalili zote tatu. Sasa sikiliza hesabu yake. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa, zote pamoja huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Za chuma huvuta kilo 70 na zaidi. Gunia la mahindi tunalolijua ni kilo 90. Yaani aliyetia waya alilitwika gitaa jepesi la nailoni mzigo unaokaribia gunia zima, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Labda alitaka sauti kubwa. Gitaa lilimtii, likaimba kwa nguvu, na huku linapinda kidogokidogo bila kulalamika.

Nilizitoa waya usiku huo huo. Asubuhi nikatumia tochi ya simu ya mama na kioo kidogo cha kujitazamia, nikachungulia ndani kupitia tundu la sauti. Niliandika katika daftari hasara yote niliyoiona. Daraja lilikuwa limebanduka upande wa nyuma, sarafu ya shilingi moja ikapita chini yake. Uso wa gitaa ulikuwa umefura kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ndani, ubavu mmoja wa kuutegemeza uso ulikuwa umeachana na mbao. Mshono wa mgongo ulikuwa wazi kwa urefu wa kidole changu cha kati. Sikio moja la kukazia uzi halikuwapo, na yale mengine matano yalikuwa magumu kama misumari. Nyuzi nazo kabla ya kuziondoa zilikuwa zimesimama milimita 7 juu ya freti ya 12, ambapo gitaa la nailoni hutaka kama milimita 3 hadi 4. Freti, kwa asiyejua, ni vile vijiti vya chuma vilivyopandwa shingoni. Nyuzi zikiwa juu kiasi hicho, hata kijana mwenye vidole vya mkulima hawezi kuzibonyeza, seuze mzee.

Habari zilienea. Jirani yetu mmoja, fundi hodari wa baiskeli, alipita akasema, "Kijana, kwani unasumbuka na nini? Piga misumari miwili hapo kwa daraja, kesho unaimba." Wa pili akaniletea gundi ya kukauka papo hapo. Nilishukuru wote, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hatashukuru. Lakini nilijiuliza: msumari ungeshika daraja, sawa, na ule mvuto je? Mvuto ungehamia kwenye mbao, na mbao ingeng'oka pamoja na msumari wake. Daraja halikubanduka kwa kukosa msumari. Lilibanduka kwa kulemewa.

Basi nikaanza na ndani, kwa maana nyumba haianzwi kujengwa kwa paa. Nilipaka gundi ya mbao kwenye ubavu kwa kijiti chenye pamba, nikakata ufito wa mti kwa kipimo, nikausimamisha kati ya mgongo na ule ubavu ili uusukume juu, nikauacha hapo siku nzima. Mshono niliutia gundi, nikaufunga kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, nikivizungusha na kuvivuta kama mtu anayefunga bandeji. Tyubu hubana kwa nguvu sawasawa pande zote wala haichubui mbao.

Kisha ikaja kazi ya daraja, nayo ilinitia baridi. Gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi ya zamani, kwa hivyo daraja lililobanduka nusu lazima litolewe lote. Nilikitia kisu butu chembamba kwenye makaa kidogo, nikakipenyeza polepole. Babu alikuwa ameketi pale pale akinielekeza kwa ncha ya bakora, lakini mikono yake haikugusa kitu.

"Pole pole. Usikwatue. Ingoje itoke yenyewe."

Ilitoka. Nikakwangua gundi ya zamani hadi mbao ikawa nyeupe pande zote mbili.

Sasa litarudi wapi hasa? Hapo niliishukuru Fizikia. Tumefunzwa kwamba uzi ukikatwa urefu nusu, sauti yake huongezeka mara mbili kwa kasi ya mtetemo. Freti ya 12 ndiyo inayokata uzi nusu. Nilipima kutoka mwisho wa shingo hadi freti hiyo, nikapata sentimita 32.5. Kwa hivyo urefu wote wa uzi lazima uwe sentimita 65. Freti nyingine nazo hufuata kanuni: ukitaka kujua ilipo freti inayofuata, unagawanya urefu uliobaki kwa 17.8. Gawanya 65 kwa 17.8 utapata sentimita 3.65 hivi, na hapo ndipo ilipokuwa freti ya kwanza kwa rula yangu. Shingo ilikuwa inasema kweli. Nikajua hata daraja nitalirudisha pake bila kubahatisha, kwa sababu likikosea kwa milimita tatu tu, gitaa litaimba uongo katika kila freti maisha yake yote.

Vibano vya seremala sikuwa navyo. Nililaza gitaa chali, nikasimamisha nguzo fupi ya mti ndani yake, chini kabisa ya mahali pa daraja, ili uso usibonyee. Nikapaka gundi, nikaweka daraja kwenye alama zake, juu yake kibao, na juu ya kibao mtungi wa maji wa lita 20. Lita 20 za maji ni kilo 20. Kibano gani kinashinda hicho? Ndugu zangu wadogo nikawaonya kwamba atakayeuteka maji mtungi huo tutaonana. Ulikaa pale saa 24.

Masikio niliyatia mafuta ya cherehani ya mama, matone mawilimawili, yakalainika. Lile lililokosekana nililichonga kutoka kwa mpini wa mswaki wa kijani kibichi, nikalitoboa kwa msumari wa moto na kulipachika. Limekaa hadi leo, na wageni wote hulitazama hilo kwanza.

Juu ya daraja husimama ufito mdogo unaobeba nyuzi. Wa zamani ulikuwa wa plastiki na umevunjika. Babu akasema, "Nenda kwa mwenye nyama, mwambie akupe mfupa wa mguu wa ng'ombe." Niliuchemsha mfupa ukaisha mafuta, nikauanika juani siku tatu, nikaukata kwa msumeno wa chuma na kuusugua kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo ili upande wa chini unyooke. Hapa tena kuna hesabu. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hivyo ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale, ni lazima upunguze milimita 2 kwenye mfupa. Nilisugua kidogo, nikapima, nikasugua tena. Mwisho nyuzi nene zilisimama milimita 4 na nyembamba 3. Freti nilizing'arisha kwa majivu, na ile mifuo sita iliyo mwisho wa shingo nikaipaka unga wa penseli ili uzi uteleze bila kukwama. Gundi na msasa nilivilipia kwa vibarua vya kupalilia maharagwe ya jirani siku tatu.

Ilibaki nyuzi, na hapo ndipo palipotokea mvutano wa kweli kati yangu na babu.

"Sisi tulipiga za waya," alisema. "Omutibo ni waya. Sauti yake inalia mpaka ng'ambo ya mto."

"Lakini Kuka, wewe ndiwe uliyesema waya ndiyo iliyoua."

Alinyamaza muda mrefu. Niliona uzito wa jambo lile. Nilikuwa nimelitafuta gitaa ili sauti yake ya zamani irudi, na gitaa lililopatikana halingeweza kuibeba. Ningetia waya angeisikia sauti ya ujana wake kwa miezi kadhaa, kisha tungezika daraja mara ya pili.

"Basi itakuwa gitaa ya kunong'ona," akasema mwishowe. Akajitazama mikono. "Lakini na vidole vyangu pia vinanong'ona siku hizi."

Nilinunua nyuzi za nailoni kwa shilingi 450. Nailoni mpya hunyooka kila ukiikaza, kwa hivyo haikazwi kwa pupa. Nilikaza nusu, nikangoja; nikakaza tena, nikangoja. Kwa siku tatu kila asubuhi nilichukua kipande cha karatasi na kujaribu kukipenyeza chini ya daraja upande wa nyuma, pale palipopita sarafu. Moyo ulikuwa ukinidunda kila mara. Siku ya kwanza hakikuingia. Siku ya pili hakikuingia. Siku ya tatu nyuzi zote zilikuwa zimefika mahali pake, na karatasi haikuingia.

Nilimpelekea babu jioni ile. Safari hii alinyoosha mikono.

Hakulipiga mara moja. Aliomba penseli na kipande cha tyubu, akaifunga penseli juu ya nyuzi kwenye freti ya pili, kama walivyofanya zamani ili kupandisha sauti ya gitaa ilingane na ya mwimbaji. Kisha kidole gumba kikaanza. Kilikumbuka njia, wallahi! Kidole cha shahada kilichelewa, kikajikwaa, kikaingia. Mkono wa kushoto kulikuwa na kidole kimoja kilichokataa katakata kubonyeza; kila wimbo ulipofika kwenye noti yake, babu aliiruka na kuiimba kwa mdomo. Mama alitoka ndani na chupa ya soda na msumari. Hakuna aliyemwita. Aliketi kwenye gogo akaanza kugonga, na mdundo wake haukuteleza hata mara moja, kwa maana alikua nao kabla gitaa halijauzwa. Mimi nilisimama tu.

Haikuchukua muda mrefu, labda dakika tatu. Babu akasema mkono umechoka, akanikabidhi. "Kidole gumba kwanza," akaniagiza. "Wiki nzima, kidole gumba peke yake. Usiniletee hicho kingine."

Na hivyo ndivyo likizo ilivyoisha, mimi nikipiga bum-bum, bum-bum, hadi ndugu zangu wakahamia kwa jirani. Likizo ya Agosti niliruhusiwa kidole cha pili. Tumerekodi nyimbo saba katika simu ya mama. Mbili naweza kuzipiga, ingawa si kwa wepesi wake. Wimbo mmoja babu ameusahau sehemu ya pili, na kila akijaribu kuukamata humkwepa. Huo umekwenda, hakuna gundi yake. Ningengoja hadi nimalize kidato cha nne kama nilivyoshauriwa na wengi, sijui zingebaki ngapi.

Sitaki mtu adhani gitaa limekuwa jipya. Uso bado umefura kidogo, uzi wa tatu hukoroma kwenye freti ya tano, na sauti yake haivuki mto. Lakini linaimba kweli, na mzee wa vidole vikavu anaweza kulibonyeza. Zile nyuzi nyepesi tulizolazimika kutumia ndizo anazoziweza. Waya ingemshinda siku ya kwanza.

Wenzangu mlio na gitaa kuukuu huko nyumbani, nawausia. Tazameni kwanza kichwa na daraja mjue ni la nyuzi gani. Legezeni nyuzi likikaa bila kazi muda mrefu. Msiliache juani wala karibu na jiko, kwa maana joto hulegeza gundi. Na yeyote atakayekuambia upige msumari, mshukuru kisha uweke nyundo mbali.

Walimu wetu nao wataniwia radhi nikisema neno moja la ziada. Humu madarasani tunao wenzetu waliokuwa waking'aa, sasa wamebanduka. Alama zimeshuka, wamekuwa wakali, hawasemi na mtu. Wepesi wetu ni kuleta msumari: adhabu, kejeli, au "huyo amekwisha." Hebu tuchungulie ndani kwa tochi kwanza. Huenda ni mwana wa nailoni aliyetiwa waya: ana wadogo anaowalea, ana mgonjwa nyumbani, au anasomea ndoto ya mtu mwingine. Mzigo ukipunguzwa, gundi itashika.

Gitaa nimeliacha kwa babu, kwa kuwa huko ndiko liliko na kazi. Hata hivyo, mwalimu wa muziki ameniruhusu kutumia lile la shule kila Ijumaa baada ya mkutano wa Chama cha Kiswahili. Anayetaka kujifunza omutibo na aje. Ila ajue mapema kwamba wiki ya kwanza ni kidole gumba peke yake.

Wasalaam.